Siku sita Tanga: kufuata majina ya Keya, askari wa Mjerumani na wapagazi

Hizi ni kumbukumbu za ziara ya chama cha wajukuu wa askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza na ya Pili, Tanga mjini na Mkinga. Keya ni jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles. Ziara ilikuwa na kazi moja: kila jina linalotajwa na familia lipate karatasi, kitu cha kushikika au shahidi, ndipo liingie kwenye rejista. Tumeandika jinsi kazi ilivyofanyika, pamoja na panapokwama, ili wenzetu wa Bagamoyo au Moshi wakitaka kufanya hivyo wasianze gizani. Tanga husemwa waja leo waondoka leo. Kwa kazi hii, anayeondoka leo ataondoka na majina matupu.

Siku ya 1: barua, kisha stesheni

Asubuhi nzima ni ya barua. Barua ya utambulisho huanzia ofisi ya mkuu wa wilaya, ikashuka kwa watendaji wa kata, ikaishia kwa wenyeviti wa mitaa. Usiruke ngazi. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua nyumba ipi ina mzee, nani anaumwa, na nani amekwisha kutapeliwa. Hilo la mwisho ni zito: wako watu wanaopita majumbani wakitoza ada ya fomu za "fidia ya Mjerumani" au "mafao ya Mwingereza". Kwa hiyo barua ya chama ina mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa: chama hakimtozi mzee ada, hakiahidi fedha, na hakiondoki na karatasi wala medali halisi.

Kuhusu mafao, mzee aambiwe ukweli mapema. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliridhia kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa Mjerumani wa Vita ya Kwanza waliokuwa bado hai. Kule Mwanza walijitokeza wazee wapatao 350, wachache tu wakiwa na cheti. Inasimuliwa kwamba wasio na cheti walipewa ufagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Malipo yale yalikuwa ya askari mwenyewe, nao wote wamekwisha kufariki. Kwa upande wa Mwingereza, upo msaada unaopitia vyama vya askari wastaafu kwa wale wa Vita ya Pili na wajane wao wenye dhiki. Mjukuu hana fungu pale.

Kundi linalofaa ni la watu wanne: mwuliza maswali, mwandishi, mpiga picha na mtu wa nasaba. Wakizidi wanajaza sebule na mzee anaanza kuhutubia. Wakipungua, mwandishi ndiye anayelazimika kupiga picha, na sentensi nzuri inapotea. Vifaa vilivyojaa begi moja: penseli laini za 2B (kalamu ya wino huvuja kwa jasho na unyevu wa Tanga), mbao za kuandikia, rula ya sentimita 30, futi kamba ya mita 30, lenzi ya kukuza mara 10, kioo cha kujitazamia cha ukubwa wa karatasi ya A3, brashi laini ya nywele, dumu la lita 5 za maji safi, bahasha za karatasi, na simu mbili zenye betri ya akiba.

Mchana tulikwenda stesheni. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893 na kufika Moshi 1911. Anayetaka kuelewa kwa nini Novemba 1914 jeshi la Mwingereza la watu wapatao 8,000 lilishindwa hapa Tanga na watu karibu 1,000 wa Mjerumani, aanzie kwenye reli hii. Manowari Fox ya Mwingereza iliingia bandarini asubuhi ya tarehe 2 kudai mji ujisalimishe, ikauliza habari za mabomu ya majini, ikaondoka. Saa zile zilimtosha Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, kuanza kushusha askari wake kutoka Moshi kwa treni. Kwa familia za Tanga hii ina maana ya kazi: askari wengi waliopigana hapa hawakuwa wa hapa. Mzee akisema babu yake "alikuja na gari la moshi usiku", usimwandike mwenyeji wa Tanga. Uliza alipandia wapi.

Siku ya 2: Ras Kasone hadi mtaro wa reli

Anza saa 12 asubuhi. Ikifika saa 4 jua limekwisha kukaza, na ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa Mwingereza waliotoka Bombay wakiwa wamebanana melini kwa majuma kadhaa.

Njia ni hii. Ufuko wa Ras Kasone, mahali walipotua usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba. Wa kwanza walikuwa Rajputs wa kikosi cha 13, pamoja na Pioneers wa 61. Walishambulia alfajiri, wakarudishwa nyuma. Tarehe 4 mchana jeshi zima chini ya Jenerali Aitken likasonga kuelekea mjini, likipita mashamba ya mpira na mkonge na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake. Mtaro wa reli upande wa mashariki ya mji ndio ulikuwa mpaka: Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles waliuvuka na kuingia mitaani, ubavu wa kushoto ukavunjika, wote wakarudi ufukoni. Tarehe 5 walipanda meli. Waliacha mamia ya bunduki, bombomu (bunduki za rashasha) na risasi takriban nusu milioni.

Nyuki ni kweli. Mizinga ya magogo ilikuwa imetundikwa mitini, risasi ziliipasua, nyuki wakawashukia watu wa pande zote mbili. Kikosi cha 98 cha Wahindi kilipata zaidi. Lakini mwandishi asikubali nyuki wale wafunike kila kitu. Ukiuliza "babu aliumwa na nyuki?" utaitikiwa ndiyo katika kila nyumba. Uliza "mlangoni mwa vita vile alikuwa wapi, na nani kulia kwake?" Anayejibu swali hilo kwa jina la mtu amekupa shahidi wa pili.

Maganda ya risasi yanaletwa na watoto na wavuvi, na yanafaa kusomwa. Ganda nene la shaba, mdomo wa milimita 11, urefu karibu milimita 60, ni la bunduki ya Mauser ya 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kampani nyingi za askari wa Mjerumani ndiyo waliyokuwa nayo, na moshi wake uliwafichua kila walipopiga. Ganda jembamba lenye ukingo uliotokeza chini, urefu milimita 56, ni la .303 ya Mwingereza. Ganda jembamba lisilo na ukingo uliotokeza, urefu milimita 57, ni la Mauser mpya. Hata hivyo ganda halithibitishi jina la mtu, na ukizingatia bunduki zile zilizotekwa, .303 iliyookotwa kwingine baada ya tarehe hiyo huenda ilipigwa na askari wa Mjerumani. Piga picha pamoja na rula, andika lilikookotwa, rudisha.

Kuchimba hakuna. Kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Na kitu chochote kizima chenye umbo la chupa au yai la chuma hakiguswi, hakipakiwi kwenye bajaji kupelekwa kwa fundi vyuma. Simama mbali, weka alama, ita polisi. Baruti ya zamani haizeeki kwa upole. Vilipuzi vingine huota fuwele zinazolipuka kwa mtikisiko mdogo.

Siku ya 3: makaburini

Makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hayana taabu: majina yake yapo kwenye orodha ya tume, inayopatikana bure mtandaoni. Tulimaliza kwa saa mbili. Kazi ngumu iko kwingine.

Kwanza, makaburi ya Waislamu wa mji na ya vijijini. Askari wengi wa pande zote walikuwa Waislamu, na kaburi lao ni jiwe la kichwani na la miguuni, bila maandishi. Familia hulijua kwa mti au kwa kaburi la jirani. Mti hukatwa. Kwa hiyo tunapima kwa futi kamba kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, mfano pembe ya ukuta na kizingiti cha lango. Vipimo viwili vinatosha kulirudia kaburi hata kama simu imepotea. Simu nayo tunaitumia, tarakimu tano baada ya nukta, ambazo kwa karatasi ni kama mita 1, lakini chini ya miembe simu hukosea mita 5 na zaidi. Ndiyo maana futi kamba haiachwi nyumbani. Kabla ya yote, ruhusa ya familia na ya imamu, salamu kwa wafu, na hakuna kupiga picha mtu akiwa anasoma dua.

Pili, mawe yenye herufi zilizofutika. Chumvi ya bahari na ukungu mweupe hula saruji na mawe ya matumbawe. Maji safi na brashi laini vinatosha. Brashi ya waya, sabuni ya unga, chaki, unga wa ngano na povu la kunyolea vyote vinaliumiza jiwe: chaki huingia kwenye vitundu na haitoki, povu lina tindikali. Herufi husomeka kwa mwanga wa ubavuni, si kwa kukwangua. Kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 alasiri jua lenyewe hufanya kazi. Katikati ya siku mtu mmoja asimame kivulini upande wa jiwe, autupe mwanga kwa kioo ulambe uso wa jiwe kwa pembe kali, na mpiga picha apige picha tatu, kioo kikihama kidogo kila mara. Herufi ambayo kwenye picha ya kwanza ni I, kwenye ya tatu huonekana kuwa L.

Nakili mstari kwa mstari kama ulivyo, makosa yake yakiwamo. Herufi isiyosomeka iwekewe nukta, usiibahatishe. Kubahatisha kwa nia njema ndiko kulikozaa watu wawili kutoka kwa marehemu mmoja katika orodha nyingi.

Jioni tulikaa na hesabu inayotuuma. Ripoti ya tume hiyohiyo, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Vita ya Kwanza, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hawa wa mwisho ni wa Afrika Mashariki na Misri. Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliyosimikwa 1927 inasema anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina la mtu halikuandikwa pale. Kazi ya kulikumbuka iliachiwa wana na wajukuu, na wajukuu sasa ni watu wa miaka 70 na 80. Ndiyo sababu tuna haraka.

Siku ya 4: Ngamiani, nyumba kwa nyumba

Nyumba tatu kwa siku, hazizidi. Ya kwanza saa 3, baada ya chai; ya pili saa 5; ya tatu baada ya alasiri. Ukipanga nne, ya nne utaifanya vibaya, na mzee yule hatasema tena kwa moyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mwatoka wapi?"

Swali hili lijibiwe kikamilifu: nani kawatuma, mtaa upi, ukoo upi. Kijana wa mtaa huohuo aliyefuatana na kundi ana thamani kuliko barua. Kisha fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa sababu tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kazi, kuweka sauti na picha ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, na kwa sababu ni adabu tu. Fomu ina maswali matatu: sauti iwekwe? picha iwekwe? jina la mzee litajwe? Akikataa moja, yale mawili hubaki.

Simu ya kurekodi iwekwe hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, nusu mita kutoka mdomoni. Feni izimwe. Dirisha la upande wa barabara lifungwe. Mvua ikianza juu ya bati, simamisha, hutasikia neno. Sema tarehe, mtaa na waliopo kabla mzee hajaanza, vinginevyo baada ya mwaka faili ni sauti ya mtu asiyejulikana.

Usiulize mwaka. Uliza mtu alikuwa mkubwa kwa nani, alioa kabla au baada ya tukio gani, nani alikuwa jumbe. Vita vya Nyuki ni Novemba 1914. Mwingereza kuingia Tanga ni Julai 1916. Ugonjwa wa mafua makubwa ni mwisho wa 1918. "Vita ya Hitla" ni 1939 hadi 1945, na askari aliyesema amekwenda Bama (Burma) kupitia Seiloni yumkini alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Ceylon 1943 na kupigana bonde la Kabaw 1944. Aliyesema Abisinia ni 1941. Aliyesema Madagaska ni 1942. Jina la mahali moja hukupa mwaka ambao mzee hakuwa nao.

Vyeo ni hazina. Ombasha, Shaushi, Betshaushi, Sol, Efendi: vyeo hivi vilikuja na Wasudani walioandikishwa Cairo 1889 na Wissmann, kamanda wa Mjerumani, vikabaki kwenye jeshi la Mjerumani mpaka mwisho, na katika nyumba nyingi za pwani vimegeuka jina la ukoo. Ukikuta mtaa una "kwa Shaushi", bisha hodi. Lakini ni dalili tu, kwa sababu Keya za mwanzo nazo zilikuwa na Wasudani wenye vyeo kama hivyo. Na jambo linalowatatiza wengi: Keya ya 6 iliundwa upya 1917 kwa askari wa Mjerumani waliotekwa. Mtu mmoja aweza kuwa amepigania pande mbili. Rejista yenye nafasi moja ya "upande" itawagombanisha ndugu bure. Yetu ina nafasi mbili, kila moja na tarehe zake.

Msisahau bibi. Safu za askari wa Mjerumani zilitembea na wake, watoto na maboi wa kubeba mizigo ya askari. Watoto walizaliwa njiani, na nasaba nyingi za leo zinapitia kwa binti. Chama kinachohesabu kwa baba peke yake kitawapoteza hao wote. Mara nyingi bibi ndiye anayekumbuka jina la mpagazi, kwa kuwa mpagazi hakuwa na cheti wala medali, alikuwa na mke aliyemsubiri. Wapagazi wa upande wa Mwingereza waliohesabiwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 90,000, kwa kuhara, malaria, njaa na baridi zaidi kuliko kwa risasi; Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina la jeshi lao, Carrier Corps.

Kisha sanduku linafunguliwa. Hapa tahadhari ni nyingi kuliko mahali pengine popote.

Medali ya fedha ya mduara, milimita 36, kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, ni ya Vita ya Kwanza. Geuza ubavu wake: namba, cheo, jina na kikosi vimepigwa kwenye ukingo. Ipo pia ya shaba, iliyotolewa kwa baadhi ya vikosi vya kazi. Ukingo ukiwa umechakaa, funga karatasi nyembamba kuuzunguka, paka penseli laini kwa ubapa, herufi zitatokea nyeupe. Medali za Vita ya Pili ni habari nyingine. Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, zote za pembe sita, na ile ya mduara yenye simba aliyesimama juu ya joka, Uingereza ilizitoa bila jina. Familia huhuzunika ikidhani jina la babu limefutwa. Halikuwepo. Nyota ya Burma inakuambia mtu alifika wapi. Yeye ni nani, lazima ukalitafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi.

Kinachoharibu medali ni mapenzi: majivu, ndimu, dawa ya meno na dawa ya kung'arisha shaba. Kila sikukuu medali husuguliwa, na kila msuguo hula herufi. Mwombe mwenye nyumba aifunge kwenye kitambaa cha pamba kikavu na aiache iwe nyeusi.

Kinachoharibu karatasi ni kuipiga lamineshini. Tumeona familia zikitoa cheti kimoja tu walichobakiwa nacho kikiwa ndani ya plastiki. Joto la mashine hufifisha wino na muhuri wa zambarau, gundi hushikana na nyuzi za karatasi na haitoki tena, na unyevu ulionaswa ndani huotesha madoa ya ukungu. Selotepu nayo hugeuka njano na kula maandishi. Karatasi iliyokunjwa ikae kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kitabu kizito, mbali na ukuta wenye maji. Cheti kilichokwisha pigwa plastiki kisichanwe. Kipigwe picha hivyohivyo, kivulini, kamera ikiinamishwa kidogo ili mng'ao utoke.

Picha za nyaraka: mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu, pembe zote nne zionekane, rula pembeni. Herufi zilizotangulia namba ya askari zinakiliwe zote, kwa kuwa namba bila herufi zake huweza kuwa ya watu kadhaa. Faili lipewe jina la mtaa, tarehe na namba ya nyumba, nakala tatu, moja ikae nje ya Tanga.

Siku ya 5: Jasini

Barabara ya Horohoro ni ya lami hadi mpakani, kisha unachepuka kuelekea pwani. Beba kitambulisho, taarifu uongozi wa Mkinga kabla, na zima data: simu hunasa minara ya Kenya na salio likayeyuka kabla hujafika.

Hapa, 18 na 19 Januari 1915, ngome ndogo ya Mwingereza kwenye shamba la mkonge ilizingirwa. Kanali Raghbir Singh wa Kashmir Rifles aliuawa, risasi zikaisha, waliobaki wakajisalimisha. Lettow-Vorbeck alijeruhiwa, na Kapteni Hammerstein akafa kwa majeraha. Ushindi ule ulimgharimu risasi 200,000 na karibu watu 300 waliokufa na kujeruhiwa, naye akaamua kutopigana tena vita vya namna hiyo kama angeweza kuviepuka. Kwa wajukuu maana yake ni kwamba baada ya Jasini vita vilihamia kwenye kutembea, na kutembea kulihitaji wapagazi wengi zaidi. Vijiji vya huku vilitoa watu kwa pande mbili, kwa kufuatana na nani alishika bonde la Umba mwezi gani.

Mpaka uligawa koo. Ndugu wako Vanga, upande wa Kenya, na karatasi iliyokosekana huku huenda iko kule, au jina la mpagazi likawa limeandikwa Mombasa. Fomu ya Mkinga kwa hiyo ina swali la ziada: nani wa ukoo anaishi ng'ambo? Siku nzima ilipata nyumba mbili tu. Zilitosha.

Siku ya 6: meza ya majina

Ukumbi, meza ndefu, fomu zote, chai. Mtu wa nasaba ndiye bwana wa siku hii.

Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Hamisi aweza kuwa Amisi, Khamis au Hamis. Salehe ni Sale au Swaleh. L na r hubadilishana. "Bin" huanguka, au hugeuka s/o ya makarani wa Kiingereza. Kijiji mara nyingi ni jina la jumbe. Wengine walijiandikisha kwa jina la kubuni wakikimbia deni au wazazi. Kwa hiyo kila jina huandikwa kwanza namna zake zote, ndipo litafutwe. Na Juma Hamisi wako wengi mno. Jina peke yake si ushahidi. Tunataka vitu vitatu vikubaliane kati ya vitano: jina, baba, kijiji au jumbe, kikosi au namba, mwaka. Vikipatikana viwili, fomu inakaa kwenye faili la penseli. Haitupwi, wala haipandishwi kwenye rejista.

Mahali pa kutafuta: Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zenye mafaili ya Kijerumani ya mfululizo wa G na vitabu vya wilaya vyenye majina ya majumbe. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, kuna kadi za medali za Vita ya Kwanza, WO 372, orodha za medali WO 329, na shajara za vikosi WO 95. Kwa askari wa Mjerumani taabu ni kubwa zaidi, kwani kumbukumbu nyingi za jeshi ziliungua Potsdam Aprili 1945. Kilichobaki Berlin ni mafaili ya utawala, R 1001 na R 1003. Ndiyo maana neno la mzee wa Ngamiani lina uzito mkubwa kwa upande huo kuliko kwa Keya.

Jina la aliyefia vitani, upande wa Mwingereza, laweza kupelekwa kwa tume ya makaburi ili liongezwe. Tarehe za kifo zinazokubaliwa ni 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Lazima kuwe na ushahidi kwamba alikuwa kazini na ushahidi wa kifo. Aliyekufa kwa kuhara akiwa mpagazi anastahili sawa na aliyepigwa risasi; hili wengi hawalijui na hawaombi. Aliyeachishwa kisha akafia nyumbani ndani ya tarehe hizo, lazima ionyeshwe kwamba kilichomuua kilitokana na utumishi. Aliyerudi salama akazeeka hayumo kwenye orodha ya tume. Mahali pake ni rejista ya chama.

Wajukuu wa Vita ya Kagera walioomba kujiunga wamepewa daftari lao. Kumbukumbu zao ziko jeshini, na wengi wa waliokufa wamelala Kaboya, kwa hiyo njia ya kuwatafuta ni tofauti.

Alasiri fomu zilizotimia zilichapwa kwa herufi kubwa, moja kwa kila nyumba, zikarudishwa zilikotoka zisomwe kwa sauti mbele ya mzee na jamaa wawili. Hapa ndipo makosa hukamatwa: jina la babu limechukua nafasi ya baba, mke wa pili ameachwa, kijiji ni cha ujombani. Masahihisho yaliandikwa kwa penseli pembeni, tarehe ikawekwa, mzee akatia sahihi au dole gumba. Zilizobaki bila sahihi ni mbili. Moja mzee amesafiri Muheza, anarudi Ijumaa. Nyingine wanamsubiri shangazi wa Vanga, ambaye peke yake ndiye anayelijua jina la mama wa mpagazi.